Jiwe la Kusagia Katika Ukuta wa Msanifu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rozalia Benedikto. Umri: miaka 24. Kazi: mkulima wa mpunga. Dini: Mkristo, Mkatoliki. Makazi: Majimoto.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, sijalazimishwa na mtu. Mtuhumiwa, Pelagia, ni mama mkwe wangu.

Mnamo tarehe 14 Septemba 2025, siku ya Jumapili, baada ya misa, kina mama wa jumuiya yetu tulienda kutembelea nyumba ya mzee Amedeus. Huyu ni msanifu majengo, anaonyeshwa kwenye televisheni, na watu wanatoka Dar na Ulaya kuja kuitazama nyumba yake. Nyumba hiyo, pamoja na karakana yake ya kuchorea ramani, ameijenga sehemu tunayoiita Jangwani, mbuga kavu ambayo hata wafugaji wanaikimbia kiangazi. Siku hiyo alitualika sisi majirani. Mimi nilikuwa nimechoka, mtoto wangu Agape anaota meno na halali. Mama mkwe akasema, "Twende mama Agape, ukapunge upepo." Nikambeba mtoto mgongoni, tukapanda tela la trekta.

Tulipokelewa na Evaline, mwanafunzi anayeishi hapohapo akijifunza kazi kwa mzee Amedeus. Nyumba ni ya chinichini, kuta za mawe na udongo mwekundu, juu turubai. Mwenzetu Romana akasema, "Yaani mtu kasoma kote huko, kaja kujenga zizi!" Tulicheka sana, Evaline naye akacheka. Akatuambia hakuna jiwe hata moja lililonunuliwa. Mzee huwatuma wanafunzi nyikani waokote, na huwaambia watafute mawe yanayoonyesha mkono wa mtu. "Hayana mwenyewe," alisema. "Nyumba imeota hapahapa."

Ndani ya karakana, pembeni ya mlango, kuna jiwe limejengewa usawa wa kifua. Lina bonde laini katikati. Evaline akasema, "Hili kila mgeni analipenda. Wekeni mkono, msikie ubaridi." Romana aliweka, wengine wakaweka. Zamu yangu ilipofika niliweka mkono, na mkono ukaingia mahali pake. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nikaangalia pembe ya kushoto. Imemeguka. Ilimeguka siku jiwe lile lilipodondoka kutoka kwenye baiskeli ya mume wangu. Nikamwita mama mkwe.

Afande ameniambia nieleze hapa jiwe hilo ni la nini. Mtoto wangu wa kwanza, Erasmus, alifariki akiwa hajaanza kutambaa. Kwenye ukoo wa mume wangu mtoto mchanga hapelekwi makaburini kwa wakubwa. Anazikwa ubavuni mwa nyumba, na juu yake mama analaza jiwe alilomsagia uji, uso wa kusagia ukiwa chini. Haliwekwi msalaba wala jina. Jiwe likilala hivyo, mtu wa huku akiliona analizunguka, haligusi, hata kama nyumba ilishahamwa. Sisi tulihama kwa sababu kisima kilikauka, pakabaki mahame. Jiwe nililomlazia Erasmus nilipewa na mama mkwe siku nilipoolewa.

Mama mkwe alipapasa pembe ile. Akamuuliza Evaline taratibu, "Mjukuu wangu, hili mlilitoa wapi?"

"Kwenye mahame kule, bibi, karibu na kichuguu kikubwa."

"Lilikuwa limelala vipi?"

"Kifudifudi. Mimi ndiye niliyeligeuza. Nilivyoona hilo bonde nikapiga vigelegele."

Romana aliufuta mkono wake kwenye kitenge, akaufuta tena. Mama mkwe akachukua nyundo iliyokuwa mezani, akaanza kugonga udongo kandokando ya jiwe. Jiwe lenyewe hakuligonga. Alikuwa anasema, "Toka baba, toka twende." Kipande cha ukuta kikaanguka, kikavunja meza ya kuchorea na kioo cha dirisha. Nimesikia inasemwa nilimsaidia. Sikumsaidia, nilikuwa na mtoto mgongoni. Wala sikumzuia, na liandikwe hivyo.

Msimamizi wa pale, Nashon, alikuja mbio. "We bibi, umechanganyikiwa? Ukuta huu upo kwenye vitabu!" Akapiga simu polisi. Halafu akaja mzee Amedeus mwenyewe. Akasema, "Mama, si ungesema tu?" Mama mkwe akamjibu, "Nimwambie nani? Ukuta?" Ndipo mimi nikamweleza. Mzee alikaa chini kwenye vumbi na nguo zake nyeupe. Baadaye akasema, "Sikujua. Nitamjengea kaburi zuri, nitalichora mwenyewe." Nikamwambia, "Mzee wangu, umri wako nauheshimu. Sitaki kaburi zuri. Naomba lile lile."

Akatupeleka kwa gari, mimi na Evaline, nikaonyeshwe. Pale mahame sikukuta kitu cha kushika kwa macho. Nyumba imeshaanguka, mawe ya msingi wake nayo yameokotwa yote, na ng'ombe wamepita juu mpaka ardhi imekuwa sawa. Evaline akasimama mahali. "Ni hapa, dada." Akasogea. "Hapana, samahani, ni pale." Akasogea tena, akaanza kulia. Nikamwambia anyamaze, kulia hakutatuonyesha. Agape aliamka akataka kunyonya. Niliogopa kukaa chini, nisije nikawa nimemkalia kaka yake. Nikamnyonyesha nimesimama.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa ameshapandishwa gari la polisi, na jiwe limepakiwa pamoja naye. Mzee Amedeus aliwaambia askari wamwache. Wakamjibu akaseme kituoni.

Namuomba mkuu wa kituo amwachie mama mkwe wangu. Ni mtu mzima, ana presha, na alichokitoa mle ukutani ni chetu. Jiwe pia mtanirudishia, naamini. Lakini sijui nitalilaza wapi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: Rozalia Benedikto

Maelezo yameandikwa na mimi, Koplo Yotham, na kusomwa mbele ya shahidi, naye amesaini kwa mkono wake. Jiwe lipo chumba cha vielelezo. Shahidi ameomba lisiwekwe sakafuni. Limewekwa mezani.