Kidole cha Mama

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na wifi na watoto hawajambo. Huku sisi wazima. Mama anakula vizuri na anagombana na jirani kila asubuhi, kwa hiyo afya yake isikutie wasiwasi.

Barua yako niliipata. Umesema niache kazi katika Nyumba ya Ukuta kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nisikuite kaka tena. Umesema mji mzima unajua kwamba wale wasomi watano ndio wanaoweka viongozi na kuwaangusha, na kwamba sasa wamemjaza mama maneno, ndiyo maana amekataa kuweka dole gumba kwenye karatasi yako. Nilicheka, kaka, kisha nikakasirika. Halafu nikageuza ukurasa, nikakuta wifi ananiomba niwaambie hao hao wampatie mdogo wake ukuu wa shule. Sasa tushike lipi?

Kazi yetu ni kunakili vitabu vya kale vilivyoliwa na mchwa. Mmoja husoma kitabu cha zamani kwa sauti, mwingine hufuata kwa kidole kwenye nakala mpya, na mstari haupiti mpaka wote waridhike. Ule uchaguzi mnaosema tuliuiba, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kupiga kura. Ilikuwa siku ya tatu wakibishana kama tundu moja la mchwa lilikula neno moja au mawili. Hata maharage yaliungua jikoni, na hao ndio mnaosema wanaendesha mji! Najivunia kukaa meza moja nao, na siondoki.

Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo. Basi lipo moja nililokuficha, kwa kuwa mama aliniapisha; leo ameniruhusu nikuambie. Yeye ndiye huniletea chakula cha mchana. Mwaka juzi mzee tunayemwita Miwani, ambaye hapendi kuona mtu amekaa bure, alimwambia aweke kidole chake kando ya kidole cha mfuataji, akitembeze pamoja nacho. Mama alidai anawasaidia tu wazee wasisinzie. Mwaka jana, mchana mmoja, kidole chake kikaanza kuitangulia sauti. Miwani alilia bila kuona haya, nami nikalia.

Kwa hiyo hakuna aliyemjaza maneno. Karatasi uliyomwambia ni ya kibali cha kuezeka bati upya, aliisoma mwenyewe, mpaka mstari unaosema nyumba ni yako na yeye atakaa humo kwa hisani yako.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Nafasi iliyobaki mama ameiomba. Sijamsahihishia hata nukta.

Ni mimi dada yako, mnakili.

*Mwanangu. Karatasi nimeisoma yote. Njoo nyumbani ule. Wino wa dole usilete, kalamu ninayo. Mama yako.*