Mkalimani wa Kireno

Nachingwea, Jumanne

Bado siamini. Mimi, bingwa wa Kireno mtaa mzima, nimezimwa na bibi yangu!

Mgeni wa Msumbiji alikuja kununua mashine ya mjomba ya kubangua korosho. Mwongozo wake ni wa Kiingereza, na "nut" ni korosho, ni nati pia. Simu niliyoitumia kutafsiri ikachagua korosho, nami nikamsomea kwa Kireno, kifua mbele, kwamba akaze korosho kwa spana. Mgeni akachukua kofia yake aondoke. Mjomba jasho likamtoka.

Bibi akamsemesha Kimakua. Mgeni akacheka, akajibu Kimakua hichohicho, akaketi.

"Mume wangu," bibi akaniambia, "huyu Mmakua mwenzetu. Ulimuuliza?"

Sikumuuliza. Mashine imeuzwa.

Kesho nataka nimwamkie bibi kwa Kimakua. Hata salamu siijui.