Mtani Wangu Kanyang'anywa Funguo kwa Chumvi Yangu

Alhamisi. Songea imelowa tangu alfajiri, udongo mwekundu unanata kwenye viatu, na mimi nina hasira iliyokwisha kugeuka uamuzi. Nimekaa kwenye intaneti kafe hapa mjini nachapa shajara yangu kwa vidole viwili, na viwili hivi vinashinda kumi vya karani yeyote wa mkoa huu.

Kwa usiyenijua: mimi ni mkuu wa yadi ya Songea katika kampuni kubwa ya malori, ile iliyonunua magari ya shirika la umma wakati kila kitu kilipokuwa kinauzwa. Tuna yadi toka pwani mpaka nyanda za juu. Wote huniita Mjomba, hata walionizidi umri. Shule niliishia la sita. Walimu waliona nikifika la saba watakosa cha kunifundisha. Barabara ndiyo iliyonisomesha. Niliwahi kushuka mlima wa Lukumburu na lori la mahindi lisilo na breki hata kidogo, nikalisimamisha kwa kulisemesha tu. Nyani waliokuwa barabarani walisogea kando wakanipigia makofi. Anayebisha akawaulize nyani.

Sasa sikia kilichonipata wiki hii.

Mapema mwaka huu alikuja Bi Beata, afisa usalama wa kampuni nzima, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Akakuta ubao wetu getini: YADI HII HAINA AJALI. Nilisimama kando ya ubao, tumbo nimelivuta ndani, nangoja sifa. Akaniuliza, "Mjomba, ubao huu unaniambia nini kuhusu lori litakaloondoka kesho?"

Nikachungulia nyuma ya ubao, labda jibu limeandikwa huko.

Alituketisha akatueleza. Kampuni ikingoja ajali itokee ndipo ihesabu, basi inapima usalama kwa makaburi. Yadi inaweza kumaliza mwaka salama kwa bahati tu, huku matairi yamekwisha na madereva wanasinzia. Kwa hiyo tuhesabu yale yanayotangulia: kasoro zilizosemwa kabla gari halijatoka, zile zilizotengenezwa kwa wakati, madereva waliolala vizuri kabla ya safari, na zile nusura, yaani ajali iliyotukosa kwa unywele. Yeye aliviita viashiria vya awali. Mimi naziita dalili za kabla, maana mtu wa malaria husikia baridi kwanza, kulazwa baadaye. Kila yadi ipeleke hesabu zake, makao makuu waone ni wapi panaanza kuumwa.

Maneno mazuri. Lakini nani aseme? Huku kwetu dereva akisema breki ya mwenzake imelegea, ni mchongezi. Akisema ya kwake, ni mwoga. Mwanzoni kila yadi ilipeleka sifuri. Madaba sifuri, Tunduru sifuri, na sisi sifuri.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi, na hili siongezi kitu.

Sisi Wangoni na Wayao ni watani. Mtani anaweza kukusema chochote. Hata kwenye msiba wa baba yako ataingia kaburini alale humo, agome kutoka mpaka mumpe kitu, nawe huna ruhusa ya kununa. Madereva wangu wengi ni Wangoni na Wayao wa Tunduru. Nikaanzisha baraza la asubuhi kando ya shimo la gereji, kabla injini haijawashwa hata moja: kila mtu amseme mtani wake. Kasoro itoke kwa kicheko, fundi aisikie, na gari lisiondoke mpaka aiguse.

Bwana wee, midomo ikafunguka!

Saidi ndiye aliyeanza. Huyu ni dereva wa lori la Mbesa, Myao wa Tunduru, mtani wangu tangu tukiwa utingo. Akaninyooshea kidole. "Nyie Wangoni! Babu zenu walitoka kusini mbio, wakapita nchi nzima, na mpaka leo hamjajua kufunga breki. Mtazameni Nkosi wenu huyu, chifu mzima, pikapu ya yadi anayoendesha taa ya nyuma imekufa tangu Jumapili!"

"Na babu zenu walipotuona wakakimbilia mlimani," nikamjibu. "Ndiyo maana mnajua gia za kupandia tu."

Taa ikawekwa siku ileile. Likaonekana tairi lenye ufa. Utingo mmoja akamsema dereva wake kwamba hulala njiani huku ameshika usukani, na dereva akapumzishwa. Songea tukaongoza kampuni nzima kwa kasoro zilizosemwa na kutengenezwa. Bi Beata akapiga simu kutupongeza. Siku hiyo nilipita sokoni kama bwana harusi.

Jumatatu hii akaja meneja mpya wa kanda. Mtu wa mbali, utani wetu haujui. Akasimama nyuma ya watu, baraza likiendelea.

Saidi akasema la kwake mwenyewe. Alipokuwa anarudi kutoka Mbesa, kwenye mteremko, aliona pedali ya breki inakwenda chini laini kama ugali wa jana uliotiwa maji. Akapunguza mwendo kwa gia, akasimama pembeni, akaweka mawe kwenye magurudumu, akangoja fundi. Kazi ya dereva kamili. Ilikuwa imekwisha hapo.

Lakini habari ikipita mbele yangu bila chumvi, ulimi huniwasha.

"Msimsikilize huyu!" nikadakia. "Alishuka amefumba macho anasoma dua! Kanga waliruka, mbuzi wakapanda miti! Alipoona mto unamjia akatupa gunia la korosho nyuma liwe nanga!"

Watu walicheka mpaka fundi akashika ukingo asitumbukie shimoni. Saidi mwenyewe alifuta machozi. "Nkosi, gunia lenyewe lilikuwa wewe," akasema.

Meneja hakucheka. Alimwita Saidi, akanyoosha mkono, akachukua funguo. Dereva anayefumba macho mteremkoni hafai kupewa gari la kampuni, akasema, na kama atafukuzwa au la, ataamua Alhamisi. Kisha akanigeukia. Yadi yenye nusura nyingi kuliko zote ndiyo yadi ya hatari kuliko zote, akasema. Baraza la vichekesho lifungwe.

Saidi hana shamba wala duka. Ana usukani.

Jumanne asubuhi nikazunguka yadi nikiuliza nani ana kasoro. "Safi, Mjomba." Na wewe? "Safi tu, Mjomba." Lori la mmoja wao lilikuwa linadondosha mafuta mbele ya macho yangu, na mwenyewe ananiambia safi! Nililizuia, lakini macho yangu hayawezi kuingia chini ya kila gari.

Sifuri ilikuwa imerudi.

Jioni nikaenda Mjimwema anakoishi Saidi. Nilimkuta barazani.

"Karibu, mchawi wangu," akasema. "Sanda umeleta, au umekuja mikono mitupu?"

Nikaanza kuomba samahani. Akanikata. "Ishia hapo hapo. Mtani haombi samahani, utaniletea nuksi nyumbani. Wewe nenda kwa huyo aliyekuamini. Mimi sijawahi kukuamini hata siku moja."

Alicheka. Mkewe hakucheka. Aliweka chai mbele yangu, akarudi ndani. Ile chai niliimaliza, nikaondoka.

Jana nikaingia ofisini kwa meneja nikamsimulia jambo lilivyotokea. Bila kanga, bila nanga. Shajara, jasho lilinitoka. Kumbe habari ya kweli ni fupi hivi! Nilimaliza kabla sijakaa vizuri kitini.

Akaniangalia. "Nitajuaje kwamba uongo ni ule wa Jumatatu na siyo huu wa leo?"

Swali zuri. Nalichukia mpaka sasa.

"Usiniamini mimi, mzee," nikasema. "Njoo shimoni."

Fundi akamwonyesha mpira wa breki alioutoa kwenye lori la Saidi. Ulikuwa umepasuka karibu na kiungio, ufa unaopitisha ukucha. Meneja akaupinda huku na huku, vidole vikachafuka.

"Na Saidi angenyamaza?" akauliza.

"Angekwenda na kurudi safari kadhaa, tukampigia makofi. Halafu ningekupa ajali uihesabu."

"Na hizi yadi zinazoleta sifuri?"

"Mzee, gari zima ni sifuri, na mdomo uliofungwa ni sifuri vilevile. Ukiwa ofisini huwezi kuzitofautisha. Ingia mashimoni kwao."

Alinawa mikono polepole. Akasema baraza lirudi leo, yeye atakuwepo, na mimi nisifungue mdomo kumsema mtu yeyote.

Basi leo asubuhi tukasimama kwenye manyunyu. Madereva wanatazama viatu. Nani aseme, na wote waliona funguo za mwenzao zikiingia mfuko wa meneja? Mimi nimebana midomo mpaka mashavu yanauma. Nilikuwa naona kazi yangu yote inazama pale, na Saidi anazama nayo.

Ni Saidi aliyejitokeza mbele.

"Mimi sina gari," akasema, "kwa hiyo nitamsema mwenye cheo. Nkosi huyu Jumanne alikuja kwangu na baiskeli isiyo na breki, si ya mbele si ya nyuma. Akaisimamisha kwa ukuta wa nyumba yangu. Plasta imebanduka, mwenye nyumba anauliza."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Meneja akanigeukia. "Ni kweli?"

Majibu yalinijaa mdomoni, mojawapo lilikuwa na chui ndani yake. Nikayameza yote.

"Ni kweli."

"Imetengenezwa?"

"Bado."

"Leo umekuja na nini?"

"Na hiyohiyo."

"Basi haitoki getini," akasema meneja, na nikaona mdomo wake unacheza. Kisha akacheka, bwana, kicheko kikubwa ambacho sikudhani kinakaa ndani ya mtu yule. Na hapo ndipo sauti ikatoka nyuma: "Langu usukani unavuta kushoto." Mwingine: "Mtani wangu hapa anaficha, tairi la akiba hana." Fundi alikosa mikono.

Meneja hakuuliza nani mkosaji. Alimwita Saidi akamuuliza kama mpira umebadilishwa. Umebadilishwa. Umejaribiwa?

"Fundi kaujaribu, mzee. Nami naomba niujaribu tena kabla ya kupakia."

Akampa funguo.

Saidi alizipokea kwa mikono miwili. Alipopanda juu akainama dirishani. "Nkosi, nakwenda Mbesa. Usinifie huku, nani atanichafulia jina?"

Nimetembea kwa miguu kutoka yadini mpaka hapa kafe, na nyumbani bado ni mbali. Baiskeli iko kwa fundi, na fundi ameipanga nyuma ya malori, kama inavyostahili. Sinung'uniki.

Meneja ameniagiza niende Madaba. Yadi ya kule inaleta sifuri tu tangu Bi Beata atuzungukie, na wiki iliyopita ningesema wana bahati. Leo siamini. Madereva wa huko wengi ni Wabena, nao ni watani zetu, kwa hiyo nina pa kuanzia. Nitasimama kando ya shimo lao niulize gari gani halifai kuondoka. Wakiniambia zote safi, nitakaa palepale. Nitaleta kigoda. Nitakaa mpaka mmoja aseme, na akisema, ubishi wangu wote utakuwa wa kuhakikisha gari limetengenezwa na yeye bado ana funguo zake.

Utani utabaki, maana ndio unaofungua mdomo. Lakini mtu akishataja breki yake, naapa mbele yako, sitaongeza hata kuku.

Je, nitaweza?

Nitaweza. Naondoka na lori la kwanza la asubuhi, na nitalikagua kabla sijapanda.