Mpira wa Kucha

St. Louis, 9 Agosti 1954

Dada yangu mpenzi Verna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu na mahindi yameustahimili ukame. Mimi sijambo, ila bega la kulia linalia kama bawaba ya ghala letu.

Jana nilishinda, dada! Wiki iliyopita meneja wetu, Mzee Haskins, aliniambia bila kuzunguka kwamba mrushaji wa besiboli wa miaka thelathini na sita amekwisha. Nikifungwa katika mchezo wa jana, akasema, narudi ligi ndogo. Nilipoingia uwanjani shabiki mmoja akapaza sauti, "Babu, ng'ombe wako wanakusubiri!" Nami niliona kama anasema kweli.

Nguvu za kurusha kwa kasi sina tena. Nikamwambia Kozlik, mdakaji wa mipira yangu, kwamba leo ni mpira wa kucha tu, ule unaoshikwa kwa ncha za kucha, usiozunguka, unaoyumba njiani hata mimi mwenyewe sijui unakwenda wapi. Akalalamika kwamba nitamvunja vidole. Nikamjibu kwamba anavyo kumi.

Kufikia raundi ya saba kati ya tisa, hakuna mpinzani aliyekuwa ameupiga mpira wangu hata pigo moja la kumfikisha kituo cha kwanza. Wenzangu wote wakahamia upande wa pili wa benchi. Unaijua desturi yetu: mrushaji akiwa hivyo hasemeshwi, asije akaingiwa na mkosi. Hata Kozlik alinyamaza, yeye ambaye hafungi mdomo hata akila. Basi nikakaa peke yangu, nikajikuta nazungumza na wewe.

Raundi ya tisa, mpigaji wa mwisho alipiga hewa mara tatu, nusura aanguke, akatolewa. Hakuna pigo hata moja, Verna, mchezo mzima! Nililia mbele ya watu elfu ishirini na sikuona haya. Mzee Haskins alinikumbatia akasema hanirudishi popote.

Kisha mtangazaji wa redio akaniuliza nani alinifundisha mpira ule. Hapa naungama, dada. Kwa miaka kumi na minne nimewaambia waandishi kwamba ni marehemu Mjomba Amos, ambaye hakuweza hata kumpiga kuku kwa jiwe. Niliona aibu kusema ni dada yangu, aliyenisugua kucha kwa tupa ya Baba na kunishika vidole nyuma ya ghala mpaka vikaelewa. Uliyasoma magazeti yote hayo na hukuniuliza kitu. Nisamehe.

Jana nilikutaja, jina lako lote, nchi nzima ikasikia. Waandishi watafika hapo Alhamisi, kwa hiyo mfunge mbwa. Hawataamini, watataka uwarushie. Mvalishe mmoja wao glovu ya Baba, na usimwonee huruma.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na mwambie nakula vizuri.

Ni mimi mdogo wako, na mwanafunzi wako,
Delbert