Ungo Mmoja kwa Mabwawa Mawili

Bulyaga, Tukuyu
9 Novemba

Kwako mjukuu wangu Ambindwile, mume wangu mtoro,

Miezi mitatu! Hata mgonjwa wa hospitali huruhusiwa kurudi kwao, wewe umepotea kama uliyeiba. Haya, u mzima? Unakula? Huku sote wazima, isipokuwa goti langu. Anayeandika ni mwalimu Yustina, mpangaji wangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie maneno.

Shangazi yako Hellen amenisomea ujumbe uliomtumia kwenye simu. Eti unaacha chuo. Eti samaki wamekushinda. Miaka yote ile nachuma chai ya watu kwenye baridi, kumbe nilikuwa nasomesha mtu wa kushindwa na perege?

Shule sikuiona, lakini ulichonieleza nilikishika. Ulisema utumbo wa samaki una vilango vidogo sana, na mwilini kuna kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye vilango hivyo: fungueni, protini ipite iingie kwenye damu, au fungeni. Ukatia dawa ya ujumbe huo kwenye chakula cha bwawa la juu, mfuko wenye kamba nyekundu. Bwawa la chini chakula kilekile bila dawa, kamba nyeusi. Ukaniachia nilishe, ukasema bibi usichanganye, ukaenda zako.

Mwezi wa nane ukaja na mzani. Ukapima wa juu, ukapima wa chini, uzito mmoja. Mbalaga niliyokupikia, ndizi na maziwa, ukaiacha inatoa moshi ukaondoka. Hilo sijakusamehe. Samaki wakuudhi, chungu changu kina kosa gani?

Na mwalimu wako, Hellen anasema, amekuambia dawa haifanyi kazi na umepoteza mwaka. Mwambie angoje kidogo.

Sasa sikia, na ukae chini. Huna kosa. Ni mimi. Wiki ya kwanza nilifuata kamba zako. Lakini kila nikifika bwawa la chini wale samaki wananijia midomo wazi, wenzao wanakula kilichotiwa dawa, wao wanakula kitupu. Mimi nimelelewa na watu wanaokula chungu kimoja. Kwetu mtoto akila huku mwenzake anatazama alichapwa. Nikamwaga mifuko yote miwili kwenye ungo, nikachanganya, nikawagawia sawa, bakuli kwa bakuli, mpaka siku ile ya mzani. Nilipoona wamelingana nilifurahi. Nilipoona uso wako nikaogopa kusema. Mimi, Esnath, kumwogopa mtoto niliyembeba mgongoni! Nimejikasirikia kuliko nilivyokukasirikia wewe.

Mpelekee mwalimu wako barua hii aone dole gumba langu hapo chini. Akitaka kunigombeza, njia ya Tukuyu ni lami.

Hellen anakusalimu, Yustina anakusalimu, mimi nitakusalimu nikikuona.

Ukija usilete sukari wala kanga. Lete vifaranga vipya vya samaki na mifuko yako ya kamba. Bwawa la juu nitalisha mimi. La chini utalisha mwenyewe, kila siku, mpaka siku ya kupima, maana mimi kuwanyima siwezi. Na kabla hujashika bakuli la samaki, utamaliza lako la mbalaga.

Bibi yako,
Esnath
(dole gumba)