Kompyuta ya Kwanza Kupiga Kelele

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na unalala vizuri. Baba je, bado anagombana na redio? Mimi ni mzima wa afya, ila nina maneno mengi kuliko karatasi.

Hapa hospitali siku za karibuni palikuwa hapakaliki. Majibu ya vipimo yalikuwa yanafika mitaani kabla wagonjwa wenyewe hawajayapata. Lawama zote zikamwangukia mpokezi wetu, na mganga mkuu akaapa kumfukuza Ijumaa. Mimi ninayelinda kompyuta sikuamini. Nilihisi kuna programu imejificha kwenye mtandao wetu, inadukiza kila kinachopita. Wenzetu wa hospitali nyingine walishakamata moja kama hiyo, wakanipa maneno yanayopatikana ndani yake, ambayo huitambulisha kama kovu la chanjo begani. Nikaandika kanuni: kompyuta yoyote ikikutwa na maneno haya, ipige kelele.

Nikamwomba mwenzangu, tunayemwita Miwani, aiendeshe mbele ya wakubwa. Mama, kompyuta ya kwanza kupiga kelele ilikuwa yangu. Chumba kizima kikanigeukia, na mganga mkuu akauliza kama nimekuja kujishtaki. Nikasoma jina la faili kwenye skrini, kisha nikacheka peke yangu. Kanuni ilikuwa imejikamata yenyewe, maana maneno yanayotafutwa nilikuwa nimeyaandika humo humo. Miwani akaifungua, akawasomea, wakaona. Akaiweka kando faili hiyo, akaendelea na msako, na safari hii ikalia kompyuta ya maabara. Programu ilikuwemo, imestarehe, inapeleka majibu yetu nje. Mpokezi akaitwa, na mganga mkuu akamwomba radhi mbele ya watu. Wauguzi walipiga makofi hadi wagonjwa wakatoka wodini kuchungulia.

Sasa kaa kitako, Mama. Utajiuliza kwa nini sikuiendesha mwenyewe. Niliogopa watu waseme nimempendelea mpokezi, na wasingekosea, kwa sababu nampenda. Tulishakubaliana kuoana kabla ya haya yote, na hakuna aliyejua. Kompyuta yangu ilipolia, nilidhani nimemmaliza kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipomweleza Miwani jana, alicheka mpaka akaomba maji. Nina furaha, Mama, hata kuficha siwezi tena.

Tunakuja Jumamosi. Msalimie dada na wanawe, waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Baba usimwambie kitu bado. Mwambie tu naleta mtu anayejua kutunza siri.

Ni mimi, kitindamimba wako.