Udongo wa Nyumba ya Babu

Gungu,
Kigoma.
10 Novemba, 2024

Mpendwa Shangazi Veneranda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza maumivu tangu ulipobadilishiwa dawa. Mzee Feliksi hajambo? Wajukuu je? Na korosho za huko Masasi zimekuwaje mwaka huu? Sisi huku tupo salama. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini anakula vizuri. Bibi ana afya kuliko sisi wote.

Najua ningeweza kupiga simu. Nimeishika mara mbili nikaiweka. Kwenye simu ungeniambia mapema mno kwamba hakuna neno, nami nataka kwanza uyasikie yote.

Nyumba mpya ya Bibi hapa Gungu inakwenda. Msingi wa mawe ulikwisha mwezi uliopita, tukaanza kujaza kifusi ndani yake ili tumwage zege la sakafu. Baba alinikabidhi mimi kazi hiyo, akisema kama chuo kilinifundisha kitu basi kionekane hapa. Fundi wetu ni Mzee Telesphory wa Simbo, rafiki yake Baba. Mwanzoni aliniita "injinia" kwa namna ambayo hata kuku walijua ananicheka.

Hatukununua kifusi hata tripu moja. Udongo uliotoka kwenye mitaro ya msingi niliutenga. Ule mweusi wa juu, wenye mizizi, niliuweka kando kwa ajili ya bustani. Ule mwekundu wa chini, wenye changarawe, ndio tuliourudisha ndani. Tulikuwa tunaumwaga kwa unene wa shibiri moja, tunaunyunyizia maji, tunaushindilia kwa mashine ya kukodi, ndipo tunaongeza mwingine. Kabla ya kushindilia nauchukua kiganjani na kuufinya. Ukitawanyika, bado mkavu. Ukinata vidoleni, umelowa mno. Ukishikana kama andazi, na ukiuangusha ukapasuka vipande viwili, hapo ndipo.

Naipenda kazi hii, Shangazi. Udongo ukishakaza, mlio wa mashine hubadilika, nami hupata furaha ambayo huwa naificha usoni nisichekwe.

Sasa lile lako. Nyumba ya Babu kule Ujiji ilibidi ibomolewe, kwa sababu tangu ziwa lilipopanda kuta zilikuwa zinaachia. Nilijua kilichokuuma zaidi ni kwamba hukuwapo. Ulipoomba udongo wake ulale chini ya chumba utakachofikia wewe, nilikuahidi papo hapo. Mawe ya msingi wake yalikuwa mazuri, tukayaleta kwa guta la magurudumu matatu na kuyavunjavunja ili yapangwe chini ya zege. Lakini kuta, unakumbuka, zilikuwa za tofali mbichi. Tofali mbichi likipata maji hurudi kuwa tope. Hilo nililijua siku ileile nilipokuahidi.

Nikaziweka tofali hizo hata hivyo. Jumatatu moja Mzee Telesphory alipokwenda sokoni, nilimwaga toroli saba katika chumba chako, nikashindilia, nikafunika kwa udongo mwekundu. Nilijiambia kwamba ni kidogo, kwamba paa litazuia maji. Nilijiambia mengi.

Jumatano ikanyesha. Alhamisi asubuhi vyumba vingine vyote vilikuwa imara. Chako kilikuwa kimezama vidole vinne upande wa dirishani. Mzee Telesphory alichomeka nondo, ikaingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha.

"Injinia," akasema, "hii mvua imechaguaje chumba?"

"Si mvua, Mzee. Ni mimi."

Nikamweleza. Alisikiliza ameegemea chepe.

"Kwa hiyo ulinivizia niende sokoni."

"Ndiyo, Mzee."

"Nimewaona wengi wakiharibu kifusi, mwanangu, na wote ni kwa uvivu. Wewe ndiye wa kwanza kuniharibia kwa mapenzi." Akanipa lile chepe. "Kafukue."

Zege lilikuwa limwagwe kesho yake. Ingechelewa mvua ile siku tatu tu, asingejua mtu yeyote. Sakafu ingekuja kupasuka baadaye, Bibi akiwa ndani, nami ningekuwa najua kila nikija kumwamkia. Hilo lilinitisha kuliko kukemewa.

Bibi bado anakaa kwa jirani yake Shadia kule Ujiji, na mizigo alishafunga tangu Oktoba. Nilipomwambia asubiri wiki nyingine, alipanda bodaboda akaja mwenyewe kuona. Alinikuta na toroli.

"Veneranda alizikimbia kuta hizi akiwa msichana, akisema zina joto. Leo anataka kuzilalia?"

Tulicheka mpaka Mzee Telesphory akaacha kazi. Kisha Bibi akaokota kipande, akakigeuza, akaonyesha nyasi zilizokuwa ndani yake. "Hizi nilikata mimi," akasema.

Tumejaza upya kwa udongo mwekundu, shibiri kwa shibiri, na pembe zote nimezishindilia kwa mkono. Juu yake Mzee Telesphory aliagiza mawe ya Babu yote yapangwe chumbani kwako. "Mawe hayayeyuki," alisema. "Huyo shangazi yako apewe mawe." Zege tulimwaga juzi Ijumaa. Nimelikagua leo baada ya misa, halina hata ufa.

Nisamehe kwamba nilikuahidi huku nikijua. Nisamehe zaidi kwamba nilitaka uamini nimetimiza.

Tofali zilizobomoka nimezirundika nyuma ya nyumba na kuzifunika kwa turubai. Bibi anataka ziende kwenye migomba. Nimemwomba asubiri neno lako, kwa sababu uamuzi huo ni wako na mimi sitaki tena kuamua kwa niaba yako kimyakimya. Ila usikawie kujibu, Shangazi. Jana nimemkuta ameshachimba mashimo mawili.

Baba na Bibi wanakusalimu sana. Nisalimie Mzee Feliksi, na wajukuu wako Bariki na Sia uwabusu kwa ajili yangu. Mungu alilinde goti lako na safari zako, akulete ulale kwenye chumba hicho tukiwa wote wazima.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Winfrida